Waraka Uliosomwa Ijumaa

Jumamosi asubuhi niliondoka mtaa wa Satwa, katika nchi hii ya Waarabu tuliyokuja kutafuta kazi, na begi moja, nikasimama kituoni, nikapanda basi la kwanza lililofungua mlango. Sikuuliza linakwenda wapi. Ndani ya begi, kati ya sare ya ulinzi na mashati mawili, kulikuwa na kitabu cha barua za makasisi wawili wa Kiingereza walioishi karne ya kumi na nane.

Kitabu hicho nilikiokota Ras Al Khor, kwenye ghala nililokuwa nikililinda. Kontena la makorokoro kutoka Uingereza lilifunguliwa, na sir, msimamizi wangu, akaniambia vitabu vyote nivitupe. Mimi niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo siwezi kupita karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata iliyofungiwa mandazi. Kiingereza cha makasisi wale kilikuwa kigumu kama mfupa, nikakitafuna zamu baada ya zamu. Walikuwa marafiki. Waliandikiana kuhusu farasi mgonjwa, maumivu ya jongo, waumini wanaosinzia ibadani. Enzi zile aliyepokea barua ndiye aliyelipia posta. Na mara nyingi barua ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa na waumini, kwa kuwa maneno ya rafiki mcha Mungu yalihesabiwa kuwa mali ya wote.

Mimi na rafiki yangu tulitumia kitanda kimoja. Yeye alilinda mchana, mimi usiku; nilipoingia asubuhi alikuwa anafunga viatu, godoro bado lina joto lake. Tulitoka kijiji kimoja huko bara na tulikuja na ndege moja. Kwa kuwa hatukupata muda wa kuongea, tulianza kuachiana barua chini ya mto. Nilimhadithia habari za wale makasisi, pamoja na desturi yao ya kusomeana. Aliipenda sana. Yeye ndiye aliyekuwa akihubiri katika ushirika wetu wa Ijumaa, pale pale sebuleni mwa nyumba tuliyopanga na wenzetu.

Mama yangu alipofariki, na kafeel, mwajiri aliyenidhamini huku, akakataa kunipa pasipoti nikamzike, nilimwandikia rafiki yangu kwamba sisali tena. Kwamba Ijumaa wanapoimba, mimi nafungua mdomo tu kama samaki. Kasisi mmoja kitabuni alimwomba mwenzake amwambie kasoro zake bila kumwonea haya, nami nikaomba hivyo hivyo. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwomba.

Ijumaa iliyofuata alisimama, akaikunjua karatasi yangu.

"Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Leo tuna waraka."

Aliusoma wote. Anasoma vizuri, yule. Alipofika kwenye samaki alifungua na kufumba mdomo mara kadhaa, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe tunalala na Yona!" akasema dada mmoja anayefanya kazi hotelini. "Ndiyo maana visa yangu haitoki!"

"Na Yona hupelekwa wapi?" akadakia mwingine.

"Baharini!"

"Basi yalla, khalas, atoke!"

Waliniwekea mikono kichwani, wakaniombea kwa machozi ya kweli, kisha wakakubaliana kwamba nisilale tena pale.

Nilimfuata rafiki yangu jikoni.

"Ile barua ilikuwa yako peke yako."

"Si wewe ndiye ulinifundisha, brathe? Wazungu wako walikuwa wanasomeana." Alikuwa anasuuza kikombe. "Halafu binamu yangu anatua Jumapili. Nilikuwa nawaza nitamlaza wapi."

"Na kasoro zangu?"

"Unaandika sana."

Kwenye basi niliendelea kusoma nilipokuwa nimeishia. Kasisi aliyeomba kuambiwa kasoro zake alijibiwa kurasa nyingi, na kwa kuwa posta ilitozwa kwa karatasi, alilipia kila tusi. Barua yake iliyofuata ilihusu mvua na majani ya farasi. Iliyoifuata hiyo, vilevile. Wakaenda hivyo, mvua na majani, hadi mmoja akafa.

Simu yangu ikalia ujumbe. "Mungu akubariki. Umeacha taulo."

Nikamjibu: "Leo kuna joto."

Nilishuka Al Jaddaf, kwa udadisi tu, nilipoona dirishani mbavu za jahazi linaloundwa zimesimama bila ubao. Mama mmoja mtu mzima, mwenye asili ya Unguja, alikuwa akiwapikia mafundi, na nyuma ya jiko lake kulikuwa na stoo tupu.

"Shikamoo, bibi. Natafuta pa kulala."

"Marahaba. Pahala papo, lakini wageni sitaki. Aliyekuwapo alikuwa akiniletea marafiki zake, wananimalizia maji. Wewe unao wangapi?"

"Sina."

"Mji wote huu? Hata mmoja?"

Simu ilitetemeka mfukoni. Sikuitoa.

"Hata mmoja, bibi."

Akanitazama kuanzia viatu hadi usoni, akacheka.

"Basi mpangaji niliyekuwa nikimtaka ndiye wewe," akasema, akafungua pindo la kanga na kunipa ufunguo.