Benchi la Mama Violeth

Siku ya kwanza kumwona Hyasinta, alikuwa anamuuliza mtoto swali ambalo sikuelewa maana yake. Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka 2011. Nilikuwa nazunguka na sanduku langu la ufundi viatu upande wa Mchafukoge, jirani na soko la Kariakoo, natafuta baraza ambalo mwenyewe hatanifukuza. Mwanamke mnene, muuza mifuko, alikuwa amechuchumaa mbele ya benchi refu la mninga. Juu ya benchi alikaa msichana wa miaka minne hivi, kamasi na machozi vimechanganyika usoni.

"Leo asubuhi umekula nini?" alimuuliza.

Yule mwanamke akamfuta pua kwa pindo la kanga, akauliza tena kwa sauti ileile, bila haraka.

"Kiporo," mtoto akasema.

"Kiporo cha nini?"

"Cha wali na maharage."

"Safi. Sasa kaa hapo uangalie barabarani."

Nilisimama kutazama. Baada ya nusu saa akaja mwanamke anakimbia, mtandio mkononi, viatu hana, akataka kumnyakua mtoto. Muuza mifuko akaweka mkono katikati.

"Pole, mama. Huyu asubuhi alikula nini?"

"Wali," yule mama akasema huku anahema. "Wali wa jana. Na maharage."

Mkono ukaondoka. Mama na mtoto walishikana wakalia, kisha wakaenda zao. Muuza mifuko akageuka akaniona nimesimama pale kama nguzo.

"Na wewe je, umepotea?"

Watu wa jirani wakacheka. Nikashusha sanduku chini. Akatazama sanduku langu, akasogeza mizigo yake ya mifuko ukutani. "Kaa hapo, fundi. Jua halifiki mpaka saa nane. Mwenye duka anaitwa Heriel, ana makelele lakini hana ubaya."

Nilikaa hapo miaka kumi na miwili.

Kwao ni Masasi, na kwetu ni Nachingwea, kwa hiyo tulielewana mapema. Mimi nilimwita dada Hyasinta kwa sababu alinizidi kama miaka minane. Wengine wote walimwita Mama Violeth, kwa jina la binti yake aliyeolewa Morogoro. Mume alikuwa amefariki zamani. Aliuza mifuko ya plastiki, na plastiki ilipopigwa marufuku akahamia mifuko ya kushona bila kulalamika hata siku moja. Sijawahi kumsikia akijisifu kwa jambo lolote. Nilimuuliza mara moja kwa nini watu wanamletea yeye watoto waliopotea.

"Kwa sababu nina benchi," alisema. "Wengine wote hapa wana vigoda."

Benchi lenyewe lilitoka kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa ng'ambo ya barabara ili kujengwa ghorofa. Aliwaomba vibarua wakalibeba mpaka kwenye baraza la Heriel. Wiki ileile mtu akamkalisha hapo mtoto aliyekuwa analia sokoni, maana hakuona mahali pengine pa kumkalisha. Akaletwa wa pili. Mwaka haukuisha, Kariakoo nzima ikajua.

Mjini kuna Sanamu ya Askari na Mnara wa Saa. Mnazi Mmoja kuna viwanja vya mikutano. Mtaa wetu ulikuwa na benchi. Dereva wa bajaji akiambiwa "nipeleke benchini" hakuuliza lipi. Msikiti wa jirani ukitangaza mtoto kwenye kipaza sauti, tangazo liliishia hivi: "Yuko benchini kwa Mama Violeth." Mapadri walijua, mgambo walijua, na hata soko lilipoungua, asubuhi yake watu walioachana kwenye vurugu walikuja kutafutana pale. Heriel alikuwa anauza nguo za watoto kwa jumla, na wateja wa mikoani walimpigia simu wakisema, "Si wewe wa pale kwenye benchi?" Alifurahi sana. Aliwahi kusema atalipaka rangi na kuandika jina la duka lake. Hyasinta alikataa. "Mtoto akae kwenye tangazo lako? Mbona unataka makubwa, baba?"

Swali la chakula alilitunga mwenyewe. Alinieleza siku moja ya mvua tulipokuwa hatuna wateja. Jina la mtoto, alisema, mtu yeyote anaweza kulisikia likiitwa. Nguo zake kila mtu anaziona. Lakini kilichoko tumboni anakijua aliyemlisha tu. Na mtoto hata akisahau jina la mama yake kwa woga, alichokula hasahau.

Nimesikia majibu mengi pale. Mhogo. Uji wa ulezi. Vitumbua viwili, kimoja kilianguka. Nakumbuka mtoto mmoja aliyesema, "Sijala." Mama yake alipofika na kuulizwa aliinama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Hajala, dada. Tumetoka Mbagala hivihivi." Hyasinta alimkabidhi mtoto saa hiyohiyo, akamtuma mpagazi anaitwa Anuari akawaletee chapati na chai. Anuari ndiye aliyeleta watoto wengi zaidi. Aliwabeba begani, huku mkono mmoja unasukuma mkokoteni, anapiga kelele, "Mzigo wa Mama Violeth huo, pisha!"

Ndiye aliyemleta na yule wa mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya Krismasi, mwaka 2023. Barabara ilikuwa imejaa hata pa kuweka mguu huoni. Anuari akamshusha mvulana wa miaka mitatu, viatu vyake vinawaka taa kila akikanyaga. Hyasinta akauliza swali lake.

"Tambi," mtoto akasema.

"Nani alikupa tambi?"

"Dada Joi."

Haikupita robo saa akaja mama mmoja, miwani ya jua kichwani, amebeba mifuko ya Krismasi. "Jamani mwanangu!" Akanyoosha mikono.

"Pole, mama," Hyasinta akasema, mkono umeshakaa katikati. "Kaa upumue. Asubuhi alikula nini?"

"Nini?"

"Mtoto. Asubuhi alikula nini?"

"Unaniuliza chakula? Huyu ni mwanangu!"

"Sikatai, mama. Alikula nini?"

"Mkate." Akamtazama mtoto. "Mkate na maziwa. Au yai, sijui! Dada ndiye anamlisha."

"Basi mpigie dada."

"Dada hana simu. Kwangu dada wa kazi hatumii simu."

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, kiatu mapajani. Niliona kila kitu. Hyasinta hakupandisha sauti. Alifanya jambo alilozoea kufanya majibu yasipolingana. Alimshusha mtoto chini na kuondoa mikono yake yote miwili. "Haya, baba, nenda kwa mama." Mtoto hakwenda. Alishika kanga ya Hyasinta akaanza kulia, "Nataka Dada Joi."

Hapo watu wakacheka. Hilo ndilo liliharibu. Kijana mmoja muuza soksi akasema kwa sauti, "Mama gani hajui mwanawe kala nini?" Mwingine akadakia, "Kamzaa dada huyo, mama kalipia tu!" Yule mama alikuwa mama yake kweli, nina hakika, maana nilimwona uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya umati kwa jambo la kweli. Aliweka mifuko chini, akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Tazameni! Huyu mwanamke kamshika mwanangu, hataki kumwachia! Mwizi wa watoto! Mwizi wa watoto huyu!"

Neno hilo Kariakoo halisemwi mara mbili. Watu waliokuwa nyuma hawakusikia swali wala hawakusikia kicheko. Walisikia mwizi tu. Walisukuma. Mtoto alinyakuliwa na mama yake, Hyasinta akavutwa kanga, benchi likapinduliwa. Heriel alishusha mlango wa chuma wa duka. Yule muuza soksi, huyohuyo aliyecheka kwanza, alimpiga Hyasinta kofi. Polisi walifika upesi, namshukuru Mungu, maana wangechelewa kidogo ningekuwa naandika habari nyingine.

Askari aliuliza ni nani aliyeona mwanzo wake. Hyasinta, mdomo unatoka damu, alininyooshea kidole. "Muulizeni fundi Augustino. Amekaa hapa miaka kumi na miwili. Ameona watoto wote. Muulizeni."

Watu wakanigeukia wote, na simu zao zimeinuliwa.

"Wewe fundi, uliona?" askari akauliza.

Maneno yalikuwa machache. Alimuuliza alichokula, mama hakujua, mtoto akakataa kwenda. Basi. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Sikuona vizuri, afande," nikasema. "Nilikuwa nimeinama, nashona."

Hyasinta alinitazama mpaka mlango wa gari la polisi ulipofungwa.

Walimwachia Jumanne. Hakukuwa na kesi, kwa sababu yule mama hakurudi kituoni kuandika maelezo. Alikuwa ameshapata mtoto wake. Lakini video ilibaki. Ina urefu wa dakika moja kasoro, nimeiona kwenye simu za wateja wangu mara nyingi kuliko ninavyotaka. Inaanza baada ya swali. Unaona mwanamke mnene, mtoto analia ameshikilia kanga, na sauti inasema mwizi wa watoto. Aliyewahi kumpokea mtoto wake pale benchini angeweza kusema neno. Pengine walisema, sijui. Sikusikia hata mmoja.

Alirudi kuuza mifuko siku ya pili ya Krismasi. Akina mama waliopita waliwahamishia watoto mkono wa pili. Wengine walimpiga picha. Heriel alimwita mbele ya duka, si ndani.

"Mama Violeth, mimi na wewe hatuna neno," alisema. "Lakini nauza nguo za watoto. Unanielewa? Za watoto."

"Nakuelewa, baba."

"Benchi nitalihifadhi stoo."

"Wape watu wa kuni," Hyasinta akajibu. Sikujua kama alisema kwa hasira au la. Heriel aliweka sanamu mbili za plastiki zilizovaa suti za kipaimara mahali pale, na Hyasinta akahamia ng'ambo, juani.

Mwezi wa kwanza Anuari aliokota mtoto wa kike karibu na vibanda vya vyombo. Nilimwona anapita naye begani, kimya, hapigi kelele za mzigo. Alipofika penye zile sanamu alisimama akaangalia huku na huku, mtu asiyejua aende wapi. Aliangalia ng'ambo. Hyasinta alimwona. Alikuwa anakunja mifuko, akaendelea kukunja. Anuari akaondoka na mtoto kuelekea Mnazi Mmoja. Baadaye aliniambia alimwacha kwa mlinzi wa jengo moja, na hakujua kilichofuata. Aliniuliza, "Fundi, sasa tuwapeleke wapi?" Mimi niliyesema sikuona ndiye aliyekuwa ananiuliza.

Na mpaka leo wateja wa bajaji wanasema, "Nishushe benchini."

Mwezi wa tatu Hyasinta alikuja kwangu asubuhi na begi. Wiki moja kabla alikuwa amemtuma mtu aniletee viatu vyake vya kanisani, soli ilikuwa imeachia. Nilikuwa nimevishona kwa uzi maradufu na kuvipaka rangi, kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Ilikuwa mara ya kwanza kuja upande ule wa barabara tangu Krismasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Viko tayari?"

Nikampa. Akavikunja kidogo kujaribu soli, akavitia kwenye mfuko mmoja wa kwake. Akaniambia anarudi Masasi, basi linaondoka kesho alfajiri, Kariakoo imemtosha. Nilijua nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Dada Hyasinta," nikasema, "ile siku, nilipoulizwa na askari. Niliona yote. Nilikuwa naogopa tu. Watu walikuwa wengi."

Alitazama zile sanamu zenye suti.

"Hata wale watoto walikuwa wanaogopa, Augustino," akasema. "Nikiwauliza, walijibu."