Mwalimu na Pacha Wake

Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa mshairi kutoka Ireland. Miaka ya tisini alipanga ghorofa ya juu ya nyumba yetu Bawshar, Uarabuni, na kila Alhamisi baada ya alasiri alishuka kunywa kahawa na bibi yangu. Bibi hakujua Kiingereza, mwalimu hakujua Kiswahili. Mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, nilikaa katikati nikiwafasiria.

Siku moja bibi akasema, "Muulize kajifunza wapi ushairi."

Mwalimu akaeleza taratibu. Alizaliwa pwani yenye baridi, kwenye nyumba ya mawe. Alikuwa na pacha wake, wakikaa dawati moja shuleni. Walipofika miaka saba, pacha akafa kwa homa ya mapafu. Watawa waliowafundisha wakakataza mtu yeyote kukaa mahali pake. Basi mwalimu akawa anamsomea mwenzake kwa kunong'ona, na neno likimshinda, analibuni. Hayo ya kubuni ndiyo yaliyokuwa mashairi yake ya mwanzo. Hata chuo kikuu, alisema, hakuweza kuandika mpaka aweke kiti kitupu pembeni.

Nilipomaliza kufasiri, bibi aliweka kikombe chini.

"Muulize, huyo nduguye humjibu?"

Sikutaka kuuliza. Nikauliza.

"Hunijibu," mwalimu alisema. "Ila mimi nimezeeka, na sauti yake bado ya mtoto."

 Bibi akasema, bila kunitazama, "Mwambie hata mie nnaye wangu. Mwanangu wa kwanza. Nilimzika Unguja, hajaanza hata kutambaa, halafu tukapanda meli tukaja huku. Nnamsikia akilia."

Hakuna aliyewahi kunambia habari za mtoto huyo. Niligeuza maneno yale kwa Kiingereza. Mwalimu akahama kochi lake, akaenda kukaa karibu na bibi.

Jikoni kukasikika kishindo cha sinia. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Umri wake wote alijiona ndiye kifungua mimba.

"Alikuwa nani jina lake, mama?" akauliza.

Bibi akamtajia. Mama akakaa pale pale chini, akalirudia jina lile kwa sauti ndogo.

Mwalimu alirudi kwao mkataba ulipokwisha. Bibi naye alifariki, nasi tukahamia mtaa wa Hail. Huko, jioni nyingine, mama huacha anachokifanya akatega sikio, na sote tukanyamaza naye.