Siku Mtafsiri Aliponyamaza

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu Msambweni, nimejilaza mkekani na simu yangu, mara nikakutana na filamu ya Kichina ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni. Panga zikalia, filimbi ikafuata. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaacha kukuna.

Kama ulilelewa pwani yetu miaka ile, huna haja ya kuelezwa banda la video. Kuta za makuti, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nje, na harufu ya viazi karai mlangoni. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mimi nilifika huko kwa sababu moja tu: shangazi alikuwa bado hajaolewa, na bibi hakumruhusu kutoka bila mtoto wa kufuatana naye. Basi nilikuwa mlinzi, na mlinzi alihongwa kiazi kimoja cha pilipili akatulia.

Kichina hatukukijua, kwa hiyo palikuwa na mtafsiri, kijana wa kutoka mji wa Mackinnon Road aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake. Naye hakukijua hata chembe. Lakini jamani, alivyoyasema! Watu wakiruka juu ya mianzi, hariri zikipepea, yeye ndiye mpenzi, yeye ndiye adui, yeye ndiye mama wa binti. Wapenzi waliokuwa ndani ya filamu zile hawakupendana nusu nusu. Koo zao zilikuwa na visasi, na mmoja hakosi kunywa sumu aliyotiliwa mwenziwe. Tulilia mpaka tukaoneana haya.

Mtafsiri huyo alimpenda shangazi. Alileta posa mara mbili, na mara mbili bibi aliwajibu washenga kwamba kwao hakujui, na tena kazi ya mtu mwenyewe ni kusema uongo kwenye kipaza sauti. Jumamosi iliyofuata, shujaa wa Kichina akapiga magoti mbele ya mpenziwe, upanga mkononi, akasema kwa Kiswahili safi: "Washenga wangu wamerudi mikono mitupu, bibie. Mama yako hanitaki. Nifanyeje?"

Banda zima likaangua kicheko, na shangazi akajifunika uso kwa buibui. Jirani alizifikisha habari nyumbani kabla yetu.

"Hata Wachina sasa wanaijua nyumba yangu!" bibi akafoka. Wiki haikuisha akaikubali posa ya mfanyabiashara wa Vanga.

Siku chache kabla shangazi hajawekwa ndani kama bibi harusi, alinishika mkono tukaenda bandani mara ya mwisho. Filamu ilikuwa hii hii. Mwishoni shujaa, keshakunywa sumu iliyokuwa ya bibie, amelala mapajani pake kule mlimani, na theluji inawaangukia. Mimi niliidhani ni nazi iliyokunwa. Midomo ya shujaa ikacheza. Tukangoja. Shangazi alinibana vidole mpaka vikauma, maana naye alikuwa akingoja, na hata mimi mtoto nilijua anangoja nini. Mtafsiri akakiinua kipaza sauti, kisha akakishusha. Kichina kikaenda peke yake mpaka mwisho.

Shangazi akaolewa. Mumewe alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na alipofariki shangazi alirudi kwetu. Mtafsiri alihama bila kuaga, wala sijapata kusikia yuko wapi. Banda sasa ni duka la simu. Siku hizi kila mtu hulia peke yake, vipaza sauti vidogo masikioni, nami nikiyakumbuka mabenchi yale naona uchungu, kwa kuwa kulia pamoja kulikuwa na utamu wake.

Jumapili ile shangazi alikuja akaketi kando yangu. Theluji ikaanza kuanguka.

"Hapa," akasema. "Hapa anasemaje, mwanangu?"

Nikamsomea maandishi yaliyopita chini ya picha: Kaa nami kidogo.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, shangazi."

Akatazama mpaka theluji ikawafunika wote wawili. Kisha akarudi kwenye mbuzi yake, akaishika nazi aliyoiacha.

"Angaliyasema," akasema, "ningalikaa."