Namba Nyuma ya Komeo

Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umelalia miti, upepo hakuna.

Siku hiyo mlinzi wa geti la juu, yule ambaye shamba zima la miti lilimwita Kufuli, aligundua kwamba bunduki aliyoilinda kuliko mboni ya jicho lake ilikuwa na kiungo kisicho chake.

Jina la Kufuli hakulipata bure. Nyumba yake ya kazini, vyumba viwili na baraza, ilikuwa na kufuli mlangoni, kufuli kwenye sanduku la nguo, na kufuli kwenye kabati la sukari. Wageni wakija, mkewe alilazimika kumwita kwanza aje afungue, na wageni wenyewe walishajua kunywa chai bila kuomba kuongezewa. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi, Kufuli aliitikia huku akijishika mifuko. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wake walisoma, zamu hakuchelewa, na katika maisha yake yote ya ulinzi hakutoa hata kipande cha ubao nje ya geti kwa njia ya panya. Ila kwake yeye kila mtu alikuwa mshukiwa mpaka azikwe, na hata hapo angependa kuona kaburi limefukiwa vizuri.

Bunduki ilikuwa ya Kiingereza, ya jeshi, kongwe kuliko yeye mwenyewe. Shamba lilikuwa nazo mbili za namna ile, moja geti la juu na moja geti la chini, za kufukuzia nguruwe mwitu na kuwatia hofu wezi wa mbao. Kufuli alizijua alama za bunduki yake kama mama anavyoyajua makovu ya mwanawe. Pale chuma kinapokutana na ubao wa kitako, upande wa kulia, palipigwa chapa ya taji, chini yake herufi mbili za mfalme, kisha jina la kiwanda na mwaka. Kwenye kitako kulikuwa na kisahani cha shaba kilichochongwa namba za kikosi ambacho hakuna aliyekijua. Hapa na pale palikuwa na kimshale kidogo cha mistari mitatu; mlinzi aliyemtangulia alimwambia kuwa ndiyo alama ya mali ya serikali ya huko ilikotoka. Na juu ya chuma, mwanzoni mwa mtutu, palikuwa na namba yenyewe, iliyoishia na arobaini na saba. Wakaguzi wakija, Kufuli aliitamka namba hiyo kabla hawajavaa miwani.

Asubuhi hiyo msimamizi aliwakusanya walinzi chini ya paa la karakana akawaambia kwamba fundi wa silaha angefika kesho yake. Bunduki ya geti la juu angeichukua kabisa, kwa kuwa Kufuli alikuwa anastaafu na nafasi yake haitapewa bunduki tena. Ya geti la chini angeikagua tu. Lakini safari hii hatasoma namba ya juu peke yake. Atasoma na ile iliyo nyuma ya mkono wa komeo, kile chuma kirefu kinachovutwa na kusukumwa kufunga risasi ndani. Namba mbili hizo hupigwa sawasawa tangu kiwandani, alisema, kwa sababu kila komeo hupimwa kwa bunduki yake. Shamba la jirani zilikutwa hazilingani. Mlinzi aliambiwa amewaazima wawindaji haramu komeo lake wakamrudishia jingine, na hadi leo mkewe anampelekea chakula rumande.

Walinzi wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojikagua moyoni. Kufuli hakucheka. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akatoa komeo. Kwa kanuni ya shamba komeo hutolewa kwenye bunduki kila baada ya zamu na kuwekwa mbali nayo. La kwake lilikaa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni. Nyuma ya mkono wa komeo kulikuwa na grisi ya miaka, imeganda kama ulimbo. Hakuwahi kuitoa. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua, akalipeleka dirishani.

Hamsini na mbili.

Alisugua tena, kana kwamba namba ni uchafu. Ikazidi kung'aa. Kesho angekabidhi bunduki aambiwe asante, mzee, nenda kapumzike. Au angepandishwa gari la polisi mbele ya wajukuu.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa mkwewe, aliyemwoa binti yake mkubwa, fundi wa pikipiki. Kijana huyo aliwahi kuuliza, siku moja tu, kama bunduki ile bado inalia. Kwa nini aulize? Na mtu mwenye vifaa vya kufungua injini atashindwaje kufungua sanduku? Kufuli akamwita mkewe, akamhoji taratibu, kwa sauti ile ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: mkwe alilala hapa lini mara ya mwisho, aliamka saa ngapi, alitoka na mfuko gani?

Mkewe alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa. "Ufunguo unalala nao shingoni," alisema. "Hata mimi siugusi. Sasa labda ulilibadilisha mwenyewe ukiwa usingizini. Jishtaki."

Kufuli alimeza hilo. Lakini ile grisi iliyoganda ndiyo iliyomtoa mkwewe kifungoni. Grisi ya jana hainuki vile wala haiwi ngumu vile. Komeo hili limekaa hapa miaka mingi. Basi nani, zamani hizo, aliwahi kulishika komeo lake?

Jibu likamjia, na lilikuwa na uso wa mtu anayecheka.

Mlinzi wa geti la chini alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, na aliitwa Kicheko kwa kuwa hata msibani ilibidi akalishwe nyuma. Zamani mashemeji hao walisafisha bunduki zao pamoja kila Jumamosi, kwenye baraza ya Kicheko, juu ya blanketi moja kuukuu. Walitaniana mpaka mafuta yakamwagika. Kisha ikaja Jumamosi moja Kicheko akasimulia, mbele ya msimamizi aliyekuwa akipita, jinsi Kufuli alivyomlenga nguruwe akapiga tangi la maji. Msimamizi alicheka hadi akashika nguzo. Kufuli akainuka, akabeba vyake, akaondoka. Tangu siku ile hawakusafisha pamoja wala kusalimiana ila kwenye harusi na maziko. Na tangu siku ile komeo lake lilikuwa gumu kufunga. Miaka yote hiyo aliamini Kicheko alimtilia mchanga. Kumbe hakutia mchanga. Alimbadilishia komeo zima. Kikulacho ki nguoni mwako, Kufuli alijisemea, akalifunga komeo kwenye kitambaa, akalitia ndani ya koti na kushuka.

Njia ya geti la chini ilikuwa na matope, na kila alipoteleza alihisi hata matope yamepangwa. Alipofika alikuta mlango wa shemeji yake umefungwa mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alibisha. Kimya. Akabisha tena, akasikia kitu cha chuma kikisukumwa chini ya kitanda.

Dada yake ndiye aliyefungua. "Kaka," alisema, "karibu. Leo umeteremka huku kwetu?" Hakungoja jibu. Alimvutia kigoda.

Kicheko alikaa kitandani, mikono juu ya magoti, hacheki. Kufuli alimsalimia kama anavyosalimia mkaguzi. Kisha akasema, bila kuzunguka, kwamba anaomba kuona namba ya komeo la shemeji yake.

"Ndiyo nilijua," alisema Kicheko. "Kesho unaondoka, leo unataka kuniachia zawadi. Nikuletee komeo, wewe useme umelikuta kwangu. Shemeji, mimi hucheka, lakini si mjinga."

"Lako linasomeka ngapi?"

"Lako wewe linasomeka ngapi?"

Manyunyu yaligonga bati. Dada mtu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatoka nje. Kufuli akadhani amekwenda kumwita msimamizi, akasogeza kigoda karibu na mlango. Dada alirudi na blanketi kuukuu, lile lile, limebaki na madoa ya mafuta meusi. Akalitandika sakafuni katikati yao.

"Kila mtu aweke chake hapa," alisema. "Mimi ndiye nitakayegeuza. Nyie msiguse."

"Aanze yeye," alisema Kufuli.

"Aanze yeye," alisema Kicheko.

"Basi nahesabu kama watoto." Akahesabu. Kwenye tatu, Kufuli aliingiza mkono kotini na Kicheko akainamia uvungu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho, na makomeo mawili yakatua kwenye blanketi kwa mlio mmoja. Dada aliyageuza kwa ncha za vidole. La Kufuli, hamsini na mbili. La Kicheko, lililofutwa kwa mafuta ya taa asubuhi hiyo hiyo, arobaini na saba. Bunduki ya geti la chini ndiyo yenye hamsini na mbili.

"Umeona ulivyonibadilishia," alisema Kufuli.

"Mimi? Maganda yangu ya risasi yanapasuka tangu mwaka ule! Nilisema huyu mtu amenitegea niumie jicho."

"Na langu gumu kufunga tangu siku ile ile."

"Siku gani?" aliuliza dada.

Wote wawili walitazama blanketi, kwa kuwa kila mmoja aliijua siku yenyewe.

"Mlikuwa mmeyalaza hapa, juu ya blanketi hili," alisema. "Kaka akanuna. Akaokota cha kwanza alichokifikia akaondoka, na wewe ukaokota kilichobaki huku unacheka. Nani aliangalia anachookota? Miaka yote hii mnalinda mali ya mwenzenu kwa kufuli."

Kicheko alianza kutikisika mabega. Alijaribu kuzuia, akashindwa. Kufuli hakumfuata. Aliokota komeo la arobaini na saba, akaligeuza, akasoma namba, akanusa chuma, akalitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Hukuikwangua hii namba?" aliuliza.

"Nenda nyumbani, shemeji," alisema Kicheko akijifuta machozi.

Kesho yake, Jumatano, mvua ilikuwa imekata. Kufuli aliamka, na kabla ya kunawa uso aliisoma namba ya komeo, akatoka nje akaisoma tena juani. Alilisukuma komeo mahali pake. Likaingia bila ubishi, kama zamani. Fundi wa silaha alikuja, akasoma juu, akasoma nyuma, akatia sahihi, akampa mkono. Kufuli alingoja mpaka gari literemke, kisha naye akateremka kwa miguu, amebeba kigoda chake mwenyewe.

Alimkuta shemeji yake barazani na bunduki magotini.

"Imepita?" Kufuli aliuliza akiwa bado mbali.

"Imepita. Ulidhani nini?"

"Sijui bado," alisema Kufuli. Aliweka kigoda kando ya blanketi, akakijaribu kama kimesimama sawa, ndipo akaketi.