Kokushubila Alipomtaja Mama Yake

Mwaka 1997 Kokushubila alikuwa fundi cherehani wa miaka kumi na tisa huko Kemondo. Wazazi wake walikuwa wamekufa kwa ukimwi akiwa mdogo, akalelewa Ijumbi na shangazi yake, Petronila. Katika nyumba ile ugonjwa huo haukutajwa kamwe, wala jina la mama yake, Klaudia.

Jumapili moja vijana wa Ijumbi waliandaa onyesho la ngoma, mashairi na rap kwenye ukumbi wa parokia. Kokushubila alipopanda jukwaani, alirap kwa mdundo wa kaseti habari za Klaudia: alivyouza senene, wale panzi wa kuliwa, sokoni Muleba, alivyougua, na jinsi majirani walivyoacha kunywa maji nyumbani kwake. Mzee Byabato, aliyewahi kupiga enanga kwenye harusi ya Klaudia, alisikiliza kidogo, kisha akashika kinanda chake cha nyuzi na kumfuata. Kaseti ikazimwa. Watu wakainuka, wakacheza taratibu hadi mwisho.

Petronila alibaki kwenye benchi akilia. Kokushubila akadhani amemuudhi.

“Nisamehe, shangazi.”

“Nikusamehe nini, mwanangu? Miaka tisa nimetamani mtu amtaje wifi yangu mbele za watu, nami sikuthubutu. Kasinge. Asante sana.”

Tangu siku hiyo, kila Kokushubila alipokwenda Ijumbi, walimenya ndizi pamoja huku shangazi akimsimulia mambo ya mama yake. Naye alisikiliza kwa shukrani, maana mengi hakuwahi kuyajua.