Taulo Kavu ya Kila Jumapili

Kwa miaka sita nilikuwa mwogeleaji hodari ambaye hakuwahi kuogelea. Kila Jumapili baada ya misa nilitupia taulo begani nikaenda kwenye pisini, bwawa la kuogelea la hoteli moja, si mbali na kwetu Makomeno. Pisini kwetu ni mahali pa kukaa. Watu wazima tunavua viatu, tunachovya miguu, tunaagiza nyama ya mbuzi na pilipili, tunabishana juu ya bei ya shaba. Wanaoogelea ni watoto. Kabla ya kurudi nyumbani nilipita bafuni nikalowesha kichwa, kisha nikaingia mlangoni kwa mwendo wa bingwa aliyechoka.

Binti yangu, mwenye miaka minane, alinipokea kila mara.

"Papa, umeogelea mingi leo?"

"Kidogo tu."

Nilisema hivyo kwa unyenyekevu mkubwa, na nilijipenda sana.

Likizo iliyopita tulikwenda watatu, mimi, mke wangu na yeye, mpaka mji mdogo kando ya ziwa Moero. Tulipita Kasomeno na kula vumbi la kutosha. Asubuhi yake tulipanda boti ya mota kuvuka hadi kisiwani, mahali penye mchanga mzuri wa kuchezea. Mwenye boti alikuwa amevaa gilet yake, fulana ya kuelea majini. Nyingine zilikuwa mbili tu. Akampa mke wangu moja, na binti yangu moja.

"Papa je?" mwenye boti akauliza.

"Papa anajua kuogelea," binti yangu akamjibu. Kisha akaivua ya kwake. "Hii inanuka samaki. Miye nitakamata papa kwa shingo."

Akaja akanishika shingoni. Mota ilikuwa imeshawaka.

Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Nilimtazama mwenye boti, nikafikiria atakavyonicheka, na kwa muda huo wote mtoto wangu alikuwa ananing'inia kwenye uongo wangu juu ya maji ambayo sikuona chini yake. Nikaona aibu, tena aibu ya kweli, si ile ya kuogopa kuchekwa.

"Vaa gilet, mama," nikamwambia binti yangu. "Papa hajue kuogelea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mwenye boti alizima mota, nadhani ili asikie vizuri. Hapo ndipo nilipoona kwamba mkono wa mke wangu ulikuwa umeshika mkanda wa gauni la mtoto tangu mwanzo. Alimvalisha gilet yake, akaifunga vizuri, kisha akainama chini ya benchi akatoa mfuko. Ndani yake mlikuwa na gilet nyingine, ya mtu mzima.

"Nilikodi jana," akasema. "Taulo yako inarudiaka mukavu kila dimanche ukitoka pisini. Ni miye njo nafulaka manguo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoya useme we mwenyewe."

Gilet ilikataa kufungika tumboni, kwa sababu ya mbuzi wa miaka sita. Mwenye boti akaikaza kwa kamba, bila kucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Ncha ya kamba ilibaki ndefu. Binti yangu akaizungusha mkononi mara mbili, akakaa karibu nami, na hakuiachilia mpaka tulipofika ng'ambo.

"Usiogope, papa," akasema. "Nimekukamata."