Mzizi katika Mboji ya Kapolowe

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Suzanne alisaga mawe ya shaba katika maabara ya kiwanda kimoja cha Likasi. Maabara ilipofungwa alibaki nyumbani kwake Kikula akiuza unga, mpaka Elikia, mtafiti kijana wa chuo kikuu, alipomwomba amchambulie udongo.

Udongo huo ulitoka kwenye kinamasi karibu na Kapolowe. Ni mboji, majani yaliyolala majini bila kuoza sawasawa, tabaka juu ya tabaka, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kuwa ya kale. Blaise, mkulima wa huko, ndiye aliyezamisha bomba la chuma mpaka mita tatu na kufunga kila kipande katika mfuko wake. Suzanne alikaa mbele ya darubini, akitoa mbegu na vijiti kwa kibano. Hivyo vilipelekwa Ulaya kupimwa kaboni, ijulikane mimea ilikufa lini, na kwa hiyo mvua ilinyesha au ilikatika miaka gani.

Majibu yalirudi baada ya miezi minne. Kijiti kilichotoka kina cha mita mbili kilikuwa na miaka elfu nne. Kile cha chini yake, cha mita mbili na nusu, kilikuwa na miaka mia tisa tu.

"Blaise alichanganya mifuko," Elikia alisema. Safari iliyofuata alichukua mtu mwingine.

Suzanne alikuwa na desturi ya kubakiza nusu ya kila alichopeleka. Jumatatu aliiweka nusu ya kile kijiti cha chini kwenye darubini. Alichokidhania kijiti kilikuwa na vinyweleo. Siku mbili alikaa nacho mezani. Kazi aliipenda, na hakuna aliyemshuku.

Siku ya tatu alimwita Elikia.

"Blaise hakukosa," alisema. "Njo minye nilikosa. Ile kipande ni muzizi. Ilitoka kwa majani ya juu, ikashuka mpaka kule chini."

Elikia aliinama, akatazama. "Maman, kama haungesema, hakuna muntu angejua."

"Minye nilijua."

Walikwenda Kapolowe pamoja. Blaise alikuwa akipiga matuta ya mihogo. Suzanne alimweleza yote, naye akasikiliza akiegemea jembe.

"Batu ya hapa banasema nilifukuzwa juu ya pombe," alisema.

"Nitabaambia minye mwenyewe."

Akawaambia, nyumba kwa nyumba, mpaka jua lilipokuwa kali. Elikia alimfuata nyuma, na kwenye nyumba ya tatu akaongeza kwamba yeye naye alihukumu bila kuuliza.

Blaise alirudi kwenye bomba wiki hiyo hiyo. Safari hii Suzanne alichagua mbegu tu za ndago, nyasi za kinamasini, maana mbegu haishuki kama mzizi. Majibu yalikuja: mbegu za chini kabisa zilikuwa na miaka elfu sita na mia mbili. Chini ya mbegu hizo palikuwa na mchanga na makaa, maana kabla ya hapo kinamasi kilikauka na nyasi zikaungua.

"Ukame ilichukua miaka ngapi?" Blaise aliuliza.

"Hatuyajua bado," alisema Elikia.

Wakazamisha bomba tena, hatua hamsini upande wa mto, wakitafuta kilichokuwa chini ya mchanga ule.